Elki wa Marekani: Nani Atawalisha Wakati wa Baridi?

Katika afisi ya Bwana Nyama, amri huandikwa kwa mistari michache tu. Wanyama kadha wapigwe risasi mwaka huu. Leseni kadha zitolewe. Majani yaanze kugawanywa tarehe fulani. Amri ikisha kutiwa sahihi, faili hufungwa na kurudishwa kabatini. Lakini huko porini amri haifungwi. Huendelea kufanya kazi mwaka baada ya mwaka, hata wale walioitoa wakiisha kustaafu na kuzikwa.

Jambo hili laonekana waziwazi katika milima ya Wyoming na Montana, majimbo mawili ya Marekani, ambako Serikali imekuwa ikitoa amri juu ya mnyama mmoja kwa muda wa zaidi ya miaka 140. Iliwalinda wanyama hao, ikawapiga risasi, ikawalisha, ikawaondolea adui zao, kisha ikawarudishia adui hao. Kila amri ilikuwa na sababu yake njema. Hata hivyo, mpaka leo wafugaji, wawindaji na wataalamu hawajapatana, na sasa umezuka ugonjwa ambao hautangoja mapatano yao.

MNYAMA MWENYEWE

Mnyama huyo huitwa elki. Hayupo katika nchi za Afrika ya Mashariki. Ni wa ukoo wa wale ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanawajua kwa jina la ayala. Wenyeji wa asili wa Marekani, wa kabila la Shawnee, walimwita wapiti, yaani mwenye matako meupe. Dume lililokomaa lina uzito wa ratili 700 hivi, na jike ratili 500. Kwa hiyo mtu wa Kenya akimwona kwa mbali aweza kumdhania kuwa ni kuro mkubwa, mpaka atakapomtazama pembe.

Pembe za kuro, za pofu au za nyati zikisha kuota hubaki kichwani maisha yote. Za elki sivyo. Ni mfupa mtupu wenye matawi kama mti. Madume tu ndio walio nazo. Nazo hudondoka kila mwaka wakati wa baridi unapokwisha, nyingine zikaota mahali pake kabla ya majira ya kupandana.

Lakini jambo la kumjua elki kuliko yote ni hili: yeye ni msafiri. Wakati wa joto hukaa juu milimani, penye majani mabichi na maji baridi, na huko hunenepa. Theluji ikianza kuanguka, hushuka mabondeni, wengine mwendo wa maili 60 na zaidi, kutafuta mahali ambapo theluji si nene na majani makavu yaweza kufukuliwa kwa kwato. Hapo hungojea mpaka theluji iyeyuke, majike wakiwa na mimba. Basi uhai wa kundi hautegemei sana wingi wa majani ya milimani. Wategemea yale malisho machache ya bondeni. Kundi laweza kunenepa mlimani miezi sita na kuangamia bondeni kwa wiki sita.

Na mabonde ndiyo mahali ambapo watu nao hupenda kukaa.

BONDE LAGEUKA MASHAMBA

Kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone liko bonde kubwa liitwalo Jackson Hole. Kuanzia mwaka 1884 walowezi walifika humo na ng'ombe wao. Walijenga nyumba, wakazungusha seng'enge, wakakata nyasi za bondeni na kuzipanga katika matita makubwa ziwe chakula cha ng'ombe wakati wa theluji. Mji wa Jackson ukasimama penye njia ya elki. Hakuna aliyekusudia kuwaua wanyama kwa njaa. Kila mtu alijitafutia riziki yake. Lakini elki walipoteremka kama desturi yao, walikuta malisho ya baba zao yamekwisha kukatwa na kufungiwa ndani ya ua.

Kati ya mwaka 1909 na 1911 majira ya baridi yalikuwa makali mno, na elki wakafa kwa maelfu. Wale waliokuwa na nguvu waliruka seng'enge wakayavamia matita. Mfugaji alikuwa katika mashaka: akiwaachia elki, ng'ombe wake watakosa chakula kabla ya theluji kwisha, akiwafukuza, asubuhi atakuta mizoga mlangoni pake. Wengi waliwapa kidogo walichoweza. Mlowezi mmoja, Stephen Leek, alizipiga picha zile maiti za elki, na picha zake zikatangazwa kote Marekani. Watu wa miji ya mbali, ambao hawajapata kumwona elki, walitaka Serikali ifanye jambo.

Serikali ikafanya. Mwaka 1911 Bunge la Marekani lilitoa dola 20,000 za kuwanunulia elki chakula na kulichunguza shauri lao. Tarehe 10 Agosti 1912 ikapitishwa sheria ya kuwatengea ardhi karibu na mji wa Jackson. Mwaka 1927 chama cha Izaak Walton kilinunua eka 1,760 kikazitoa ziongezwe hapo. Leo makimbilio hayo ya elki yana eka zipatazo 24,700. Hata hivyo ardhi hiyo haifiki nusu ya malisho ya baridi yaliyokuwako zamani, na kwa upande wa mji na barabara kuu imezungushiwa ua wa waya mrefu ili elki wasitoke. Kwa kuwa ardhi haitoshi, majani yaliendelea kutolewa karibu kila mwaka, na tangu mwaka 1975 mahali pa majani makavu pakachukuliwa na vidonge vya alfalfa iliyosagwa na kushindiliwa. Jimbo la Wyoming nalo likafungua vituo vyake vya kulishia, vipatavyo 20, ili kuwazuia elki wasiingie katika mashamba ya wafugaji.

Methali ya Kiswahili yasema: Tenda wema wende zako. Watu wa Jackson walitenda wema, lakini hawakuweza kwenda zao. Kila baridi ilipofika, elki walikuja wakasimama wakingoja, na ndama wao wakajifunza kwa mama zao kwamba chakula huletwa na gari.

KASKAZINI: BUNDUKI BADALA YA MAJANI

Upande wa pili wa Yellowstone, kaskazini, kundi jingine la elki lilipatiwa dawa nyingine.

Yellowstone ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1872, lakini katika miaka ya kwanza wauza ngozi waliwaua elki humo kwa maelfu. Mwaka 1883 uwindaji ukakatazwa ndani ya Hifadhi, na tangu mwaka 1886 askari wa jeshi wakaletwa kuilinda. Baada ya hapo ikaonekana vema kuwaondoa pia wale wanyama waliokula elki. Simba wa milimani waliuawa, na mbwa-mwitu vilevile. Mbwa-mwitu asemwaye hapa si yule mwenye madoadoa wa nyika za Kenya. Ni mnyama mkubwa wa kijivu wa nchi za baridi. Kati ya mwaka 1914 na 1926 mbwa-mwitu wasiopungua 136 waliuawa ndani ya Hifadhi, na mwaka 1926 wa mwisho wakamalizwa.

Wakati ule jambo hili lilihesabiwa kuwa ni ushindi. Lakini elki waliongezeka, na malisho yao ya baridi hayakuongezeka. Tena sehemu ya malisho hayo ilikuwa nje ya mpaka wa Hifadhi, katika jimbo la Montana, penye mashamba ya watu na wawindaji wenye bunduki. Maafisa wakaona vichaka vya mierebi kando ya vijito vimeliwa mpaka shinani, na miteremko imekuwa mitupu. Wakaogopa ardhi itachukuliwa na maji.

Ndipo ikatoka amri ya kupunguza. Kwa miaka mingi elki walinaswa katika mazizi wakapelekwa wazima katika majimbo mengine, ambako makundi mengi ya leo ni uzao wao. Wengine walipigwa risasi na walinzi wa Hifadhi wenyewe. Katika majira ya baridi ya 1961-62 waliuawa zaidi ya 4,300. Mwaka 1963 kamati ya wataalamu, mwenyekiti wake akiwa A. Starker Leopold, ilikubali kwamba kupunguza wanyama kwa namna hiyo kwaweza kuwa lazima. Lakini watu walikasirika. Wawindaji waliuliza kwa nini mlinzi wa Serikali apige na wao wakatazwe. Wapenda wanyama waliuliza hifadhi gani hii yenye kuua. Mwezi Machi 1967 Seneta Gale McGee wa Wyoming alifanya baraza la kusikiliza malalamiko, na mauaji yakasimamishwa. Wakati huo hesabu ya elki wa kaskazini ilikuwa imeshuka hata kufikia 3,200 hivi.

Amri mpya ikawa ni kuacha: wanyama wajipunguze wenyewe kwa njaa na baridi, na walio nje ya mpaka wawindwe kwa leseni za Montana. Katika muda wa miaka ishirini hesabu ilipanda mpaka karibu 19,000. Mwaka 1988 mioto mikubwa ilipita katika zaidi ya theluthi moja ya Hifadhi, na katika baridi iliyofuata elki wengi walikufa. Hata hivyo kufikia mwaka 1994 walikuwa wamerudia wingi ule ule.

MBWA-MWITU WARUDISHWA

Mwaka 1995 Serikali ilileta mbwa-mwitu 14 kutoka Alberta, nchi ya Kanada, na mwaka 1996 ikaleta 17 kutoka British Columbia. Wote ni 31. Mnyama ambaye Serikali ilimlipia mtu mshahara ili amwue, sasa ilimlipia ndege ili arudi.

Mbwa-mwitu walistawi. Mwaka 2003 ndani ya Hifadhi walihesabiwa 174. Baadaye wakapungua mpaka karibu mia moja, kwa sababu hawali majani, nao hupungua chakula chao kipunguapo. Elki wa kaskazini nao walishuka mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 2013 wakahesabiwa 3,915 tu. Wawindaji na waongozaji wa safari za kuwinda walilia kwamba mbwa-mwitu wamewala wote. Wapenda mbwa-mwitu walijibu kwamba sasa nchi imepona.

Ukweli haukukaa upande mmoja. Mbwa-mwitu walikula elki, hilo ni hakika. Lakini katika miaka hiyo hiyo simba wa milimani walikuwa wamerudi, na dubu wameongezeka. Baridi ya 1996-97 ilikuwa kali, na ukame ulifuata. Montana nayo iliendelea kutoa leseni za kuwinda majike kwa mamia katika majira ya baridi, mpaka uwindaji huo ulipokomeshwa baada ya mwaka 2009; na mtu akiua jike mwenye mimba huwa amepunguza kundi zaidi ya kuua dume moja.

Liko na jambo jingine, ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba samaki wageni, jamii ya trauti wakubwa wa maziwani, wametiwa kwa siri katika Ziwa Yellowstone. Hao waliwala trauti wa asili, ambao desturi yao ni kupanda vijito vidogo kutaga mayai, na huko dubu huwavua. Trauti wa asili walipopungua, dubu wa pande zile walizidi kutafuta ndama wa elki. Hivyo samaki aliyetiwa ziwani alimfikia elki mlimani.

Baada ya mwaka 2013 hesabu ilianza kupanda tena, ikapita 5,000. Ama kwa mierebi, imechipua mahali pengine na pengine bado. Uchunguzi wa miaka 20 wa Chuo Kikuu cha Colorado State, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2024, umeonyesha sababu. Zamani mierebi ililiwa pia na biva, mnyama mdogo wa majini ajengaye mabwawa kwa matawi. Mierebi ilipokwisha, biva waliondoka, mabwawa yakabomoka, vijito vikachimba chini, na maji yakawa mbali na mizizi. Kumrudisha mbwa-mwitu hakukurudisha maji. Kuharibu kulichukua miaka michache. Kutengeneza kwahitaji miaka mingi kuliko umri wa mtumishi wa Serikali.

MARADHI YAINGIA KATIKA SHAURI

Kule kusini, Jackson, elki hawakupungua vile. Majani ya Serikali yaliwakinga na njaa. Lakini wanyama walao pamoja huugua pamoja, na ye yote aliyefuga ng'ombe anajua maana ya neno hilo.

Ugonjwa wa kwanza ni ule wa kutupa mimba, uitwao bruselosisi, ambao wafugaji wa Kenya pia wanaujua. Asili yake huko ni ng'ombe walioletwa na walowezi. Uliwaingia nyati wa Yellowstone, na elki wa Jackson wakaonekana nao mwaka 1930. Jike akitupa mimba katika uwanja wa kulishia, mamia ya wengine huinusa na kuilamba. Kisha elki huweza kuurudisha kwa ng'ombe. Mwaka 2004 Wyoming ilinyang'anywa cheti cha jimbo lisilo na ugonjwa huo, na mpaka kiliporudishwa mwaka 2006 wafugaji walitaabika sana kuuza mifugo yao nje ya jimbo. Kati ya mwaka 2006 na 2010 Idara ya Wanyama ya Wyoming ilijaribu kuwanasa elki katika vituo vichache, kuwapima damu na kuwachinja walioambukizwa. Ugonjwa ulipungua katika vituo hivyo, lakini kazi iligharimu zaidi ya dola milioni moja, na ilipoachwa, ugonjwa ukarudi.

Ugonjwa wa pili ni mbaya zaidi. Ulionekana kwanza mwaka 1967, kwa ayala waliofungwa katika kituo cha uchunguzi huko Colorado. Mnyama hukonda, hudondokwa mate, huyumba, kisha hufa. Hausababishwi na kijidudu kilicho hai, bali na chembe ya protini iliyopotoka, ambayo huharibu ubongo. Hauna dawa wala chanjo, na mnyama aliyeupata haponi. Tena chembe hiyo hutoka katika mate, mkojo na kinyesi, ikakaa udongoni kwa miaka, ikingoja mdomo mwingine. Haijathibitishwa kwamba umepata kumwingia mwanadamu, lakini madaktari hushauri kwamba nyama ya mnyama mwenye ugonjwa huo isiliwe.

Ugonjwa huu ulisogea mwaka kwa mwaka kuelekea Jackson. Mwaka 2018 ulionekana kwa ayala katika Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, jirani na makimbilio ya elki. Mwezi Desemba 2020 ulionekana humo kwa elki mmoja aliyepigwa na mwindaji. Katika majira ya baridi ya 2024-25 ulithibitishwa kwa elki waliokufa katika vituo vya kulishia vya jimbo la Wyoming. Uwanja ambao maelfu ya wanyama husongamana, pua kwa pua, mwaka hata mwaka, ndio uwanja ambao ugonjwa wa namna hii ungejichagulia wenyewe.

KUACHA NI KUGUMU KULIKO KUANZA

Mtu aliye mbali aweza kusema, basi waache kuwalisha. Lakini na atazame watakaoumia.

Elki wakinyimwa chakula ghafula katika baridi kali, maelfu watakufa mbele ya macho ya watu, kama mwaka 1909. Wengine watatoka kwenda kwa wafugaji, wayale matita na kuchanganyika na ng'ombe, wakiwa na bruselosisi. Sheria ya Wyoming huitaka Idara ya Wanyama imlipe mkulima hasara ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakubwa, na fedha za Idara hiyo kwa sehemu kubwa zatoka katika leseni za wawindaji. Elki wakipungua, leseni nazo hupungua. Waongozaji wa wawindaji watakosa kazi. Mji wa Jackson nao hupata wageni wa wakati wa theluji, ambao hupanda magari yakokotwayo na farasi ili wawaone elki kwa karibu. Hata vijana wa Skauti wana sehemu yao: kila mwaka huokota pembe zilizodondoka, zikauzwa kwa mnada mjini mwezi wa Mei, na sehemu kubwa ya fedha hurudi kutengeneza malisho ya makimbilio.

Kwa upande wa pili, wakiendelea kulishwa, udongo wa viwanja hivyo waweza kutiwa sumu isiyoondoka, na kundi lililookolewa na majani likamalizwa kidogo kidogo na majani hayo hayo.

Mwaka 2007 Serikali ilifanya mpango wa kupunguza elki wa makimbilio wafikie 5,000, na kundi zima la Jackson 11,000. Uwindaji uliachwa uendelee, hata katika sehemu za Hifadhi ya Grand Teton, ambako sheria ya mwaka 1950 huruhusu wawindaji wenye leseni kuapishwa kuwa walinzi wa muda ili wapunguze elki. Vyama vya kulinda wanyama viliona mpango huo ni wa polepole mno, vikashtaki. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Washington haikuilazimisha Serikali kutaja siku ya kuacha kulisha, lakini ilisema wazi kwamba kulisha pasipo mwisho kwapingana na kusudi la makimbilio yenyewe. Mwaka 2019 ukatolewa mpango mwingine, wa kuchelewesha siku ya kuanza kulisha, ili elki wajifunze tena kutafuta wenyewe. Lakini katika miaka mingi iliyofuata mwaka 2007, hesabu ya makimbilio ilizidi 5,000. Elki mzee aliyelishwa tangu utoto hasomi mpango.

SHAURI LA ARDHI

Ukizipanga amri hizi zote mbele yako, yaani za bunduki, za majani, za mbwa-mwitu na za leseni, utaona kwamba zote zilijaribu kujaza pengo moja. Malisho ya baridi yalipotea, na kila kizazi kikatafuta kitu cha kuweka badala yake. Majani yaliweka chakula mahali pa ardhi. Risasi zilipunguza midomo ili itoshe ardhi iliyobaki. Mbwa-mwitu walifanya vilevile kwa meno yao. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichowarudishia elki mahali pa kukaa theluji ikianguka.

Penye kurudishwa ardhi, mambo yamekuwa tofauti kidogo. Kaskazini ya Yellowstone, katika miaka ya 1980 na 1990, jimbo la Montana, Serikali kuu na vyama vya watu binafsi vilinunua mashamba au haki za malisho nje ya mpaka. Leo sehemu kubwa ya elki wa kaskazini hukaa huko wakati wa baridi, wametawanyika, bila kupewa hata tita moja. Kundi hilo limepita katika moto, ukame, dubu na mbwa-mwitu, nalo lingali hai.

Mfano wa pili ni wa ayala wenye masikio marefu, jamaa wadogo wa elki. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliowafunga ayala hao mikanda yenye redio waligundua kwamba kundi moja la Wyoming husafiri maili 150, kutoka jangwa la Red Desert mpaka milima ya Hoback. Katika njia hiyo ndefu palikuwa na mahali pembamba kando ya Ziwa Fremont, ambapo maelfu ya ayala hupita kati ya maji na nyumba za watu. Shamba la mahali hapo lingekatwa viwanja, njia ingezibwa. Shamba hilo, eka 364 tu, lilinunuliwa na chama kimoja kikalikabidhi kwa Idara ya Wanyama ya jimbo. Karibu na hapo, mahali paitwapo Trapper's Point, lilijengwa mwaka 2012 daraja la wanyama juu ya barabara kuu. Hakuna aliyemlisha ayala hata mmoja, wala kumfukuza. Waliachiwa njia.

Dawa hii si rahisi. Ardhi ya Jackson ni miongoni mwa ardhi za bei kubwa kabisa Marekani, na mwenye shamba hawezi kulazimishwa kufa maskini kwa ajili ya elki. Kwa hiyo wengine hulipwa ili wasigawe mashamba yao viwanja, na wengine husaidiwa kuyazungushia matita yao ua imara, ili elki apitapo asipate hasara ya mtu wala mtu asimchukie elki. Ni kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba, ya kusikiliza na kupatana, nayo huendelea polepole kuliko kubeba magunia ya alfalfa.

Maafisa wa Jackson wana muda mfupi kuliko ule waliokuwa nao wakubwa wao wa mwaka 1912. Wale walikuwa na njaa ya baridi moja ya kushughulikia. Hawa wana ugonjwa ambao ukiisha kuingia udongoni hauondoki kwa amri. Watapaswa kupunguza majani mwaka kwa mwaka, na kila eka watakayopata nje ya ua itawapunguzia idadi ya mizoga. Hesabu ya elki yaweza kuandikwa katika jedwali kwa siku moja. Hesabu ya mahali watakapolala theluji ikianguka ndiyo iliyowashinda watu kwa miaka mia moja na zaidi, na ndiyo ambayo ingefaa kuandikwa kwanza katika faili.